Mstari wa Chini Haupo

Tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na masikio tu ndiyo yaendelee na mgomo wao. Binti yangu alinisukuma nikupigie simu. Nikamwambia, shangazi yako ukimpigia atakuitikia "ee, ee" nusu saa nzima, kisha atakuuliza wewe ni nani. Tuandikiane tu, kama tulivyozoea tangu ulipokwenda kusomea uuguzi.

Mimi sijambo, ila presha imepanda tena. Daktari wa kliniki alinipima, akakunja uso, akaniongezea kidonge cha tatu. Sasa nameza vitatu kila asubuhi baada ya chai. Nikifika kiwandani mtambo wa kuchapa unaanza kunguruma saa mbili, na ikifika saa tatu kichwa changu kinazunguka pamoja nao. Juzi nilikuwa nasahihisha prufu za kitabu cha hesabu, nikainuka kuchukua kamusi, nikajikuta nimelikumbatia kabati. Meneja akasema, "Mzee, umelipenda lini hilo kabati?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini niliogopa. Nimekaa kwenye ile meza miaka thelathini na moja, na kosa nililopitisha ni lile moja la kalenda yenye Jumatano mbili, nawe unajua juma lile tulikuwa tumemzika mama.

Nafikiria kukiacha hicho cha tatu. Kliniki narudi Juni. Wewe umekesha wodini nusu ya maisha yako. Unasemaje? Nakusikiliza wewe kuliko hao.

Mdogo wako,
Nukta


Tarehe 15 Machi

Nukta,

Marahaba. Najua unaisoma barua hii na kalamu nyekundu mkononi. Iweke chini unisikilize.

Usithubutu kuacha kidonge hata kimoja! Nimewafumba macho watu wengi waliodhani wameizidi presha akili. Sasa fanya hivi. Wodini kwetu tulikuwa na daktari mmoja mrefu, mkali, ambaye hakukosea mara nyingi. Alitufundisha kwamba presha ya mtu hushuka akilala, na yule ambaye haimshuki usiku ndiye anayepasukiwa na mishipa. Hao wa kliniki wanakupima saa nne asubuhi umekaa kitini umetulia. Usiku inafanya nini nani anajua?

Basi vidonge vyako vyote vitatu uvimeze wakati wa kulala. Nimesema vyote. Hicho kizunguzungu utakilalia, asubuhi utakwenda kazini na kichwa chepesi, na presha ya usiku tutakuwa tumeikamata. Nimewashauri wengi hivyo, wakapona. Wala usiende kuwauliza kliniki, watakuzungusha mpaka mwaka uishe. Mimi nimeshakwambia.

Mwambie binti yako apunguze chumvi kwenye chakula. Ana mkono mzito kama marehemu mama yake.

Dada yako


Tarehe 27 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilinielemea. Dawa yako imefanya kazi. Tangu usiku ule wa kwanza sijaruka hata siku moja, nalala kama gogo, na kizunguzungu kimekwisha kabisa. Nimemwambia binti yangu, shangazi yako angekuwa daktari watu wasingekufa.

Macho yanachoka kidogo siku hizi, umri huo. Jana nilikosa ngazi ya mwisho pale kiwandani nikatua kama gunia. Goti limevimba, lakini ni jambo la kucheka tu. Nivumilie huu mwandiko, kalamu ni mbovu.

Binti anakusalimu. Bado yupo pale hotelini, anapiga pasi mashuka tangu alfajiri mpaka viganja vinang'aa.

Mdogo wako,
Nukta


Tarehe 9 Juni

Nukta,

Unanificha kitu. Mistari yako miwili imepandana, mmoja juu ya mwingine, siwezi kusoma hata mmoja. Sentensi ya mwisho imetoka nje ya karatasi. Wewe, ambaye ulikuwa unanirudishia barua zangu zikiwa zimesahihishwa! Na hizo ngazi umezipanda na kuzishuka miaka thelathini na moja.

Funika jicho la kulia kwa kiganja utazame ukutani. Kisha funika la kushoto. Niandikie unachokiona, kwa posta ya kwanza. Usinidanganye, mimi ndiye niliyekulea.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi binti wa mdogo wako. Barua yako ya Juni niliikuta jana kwenye mfuko wa koti la baba, haijajibiwa. Amenikataza kukuandikia. Naandika hivyo hivyo, nimejificha chumba cha pasi, mashuka yananisubiri.

Baba haoni, Shangazi. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Kumbe lilianza Aprili. Aliamka asubuhi moja jicho la kulia limejaa giza kutoka chini mpaka katikati, kama dirisha la nyumba iliyoingiliwa na maji ya matope. Halikumuuma. Akalinawa, akaenda kazini. Ameniambia juzi tu kwamba hilo ndilo lilikuwa jicho lake la kusomea, na tangu siku ile akisoma mstari, mstari wa chini haupo. Ilimbidi ainue karatasi mpaka usawa wa paji la uso, naye akawa anafanya hivyo Meneja akiwa amempa mgongo. Kitabu cha kusoma cha darasa la pili kikatoka kurasa kumi na nne zimekatwa sentensi za mwisho. Mwalimu mmoja akakileta mpaka ofisini, akakiweka mezani pa baba. Meneja hakumfukuza. Alimhamishia getini apokee maboksi ya karatasi. Mimi sikujua. Kila asubuhi alikuwa anatoka nyumbani na kalamu zake nyekundu mfukoni.

Julai kumi na moja aliamka akaniuliza saa ngapi. Shangazi, baba hajawahi kumwuliza mtu saa tangu nizaliwe. Nikamtazama, saa yake ilikuwa mkononi ameiinua.

Daktari wa macho ni mama mmoja mpole. Alimulika nyuma ya macho kwa muda mrefu. Akanieleza kwamba kuna vishipa vyembamba kuliko uzi vinavyopeleka damu kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, na vya baba vimekauka. Mshipa wa jicho la kulia ulikuwa umeshapauka, wa la kushoto ndiyo kwanza umevimba. Wakamfunga mashine ya kupima presha mkononi, alale nayo nyumbani. Kila nusu saa ilikuwa inajipuliza, nasikia kupitia ukutani, fyuuu, kisha kimya. Ile karatasi ya majibu mchana ilionyesha mia na hamsini na kitu. Usiku, saa tisa, themanini na mbili kwa arobaini na nne.

Daktari akauliza, "Mzee, dawa unameza saa ngapi?"

"Wakati wa kulala."

"Zote?"

"Zote."

"Nani alikwambia?"

Baba akasema, "Nilijiamulia mwenyewe."

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa kwamba ni hilo peke yake, vishipa vile vilikuwa vimechakazwa na presha ya miaka mingi, na wapo wanaopatwa na haya bila dawa yoyote. Lakini presha ya baba inashuka mno akilala, na ile dozi ya vitatu kwa mpigo ilizidi kuishusha, damu ikawa haifiki. Sasa amerudishiwa dawa asubuhi, na zimepunguzwa. Kilichokwenda hakirudi. Limebaki jicho la kushoto, upande wa juu, anaona kivuli cha mtu akipita.

Nilimfokea baba yangu mbele ya wagonjwa. Nilimwuliza nani kamtuma ajifanye daktari. Akainamisha kichwa, na mpaka leo hajajibu. Tukila nasikia kijiko chake tu kikitafuta sahani.

Wewe ni mwuguzi, Shangazi, na ni dada yake. Mwulize wewe. Labda wewe atakwambia ni kitu gani kilimwingia.

Binti yako


Tarehe 16 Agosti

Mwanangu,

Tafuta mahali ukae kwanza.

Baba yako hakujiamulia. Ni mimi. Aliniandikia Machi kwamba vidonge vinamtia kizunguzungu, nami nikamwambia avimeze vyote usiku. Nikamwambia asiwaulize kliniki. Barua hiyo ni ya tarehe kumi na tano, na najua ipo, kwa sababu hajatupa karatasi maisha yake yote. Itafute usome, usije ukadhani najisingizia.

Nilikuwa na hakika, mwanangu. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sikubahatisha. Nilimwambia kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia ya kwenda sokoni. Yule daktari wetu aliwasema watu ambao presha yao haishuki usiku, nami sikujua kama mdogo wangu ni mmoja wao. Sikumpima. Niko mbali naye siku mbili za safari, mkononi nina barua tu, nikamtibu kwa barua.

Mwombe radhi kwa hayo ya hospitalini, hakustahili.

Nimeambatanisha ukurasa mmoja wa kwake. Nakuomba umsomee. Nimejaribu kutafuta njia nyingine sikuipata: simu sisikii, na yeye hasomi. Maneno yangu yote kwake sasa yatapita kinywani mwako. Ukinikubalia nitakuja, nitalala popote, nitamfulia, nitamwongoza chooni. Niandikie tu nije.

Shangazi yako


Tarehe 30 Agosti

Shangazi,

Barua nimeiona. Ilikuwa chini ya mashati yake, imekunjwa mara nne. Neno "vyote" umelipigia mstari.

Sikukwambia yote niliyomwambia siku ile hospitalini. Nilimwambia afadhali angekufa yeye mama abaki. Aliyasikia maneno hayo akiwa ameshika karatasi ya majibu asiyoweza kuisoma, na hata hapo hakukutaja.

Unaniagiza nimwombe radhi. Nitamwombaje? Itabidi nimwambie kwamba nimejua, na kukuficha wewe ndilo jambo pekee alilobaki nalo la kufanya. Nikimpokonya na hilo atabaki na nini?

Ukurasa wako sikumsomea. Nimemwambia hujaandika. Usije. Nikikuona mlangoni sijui nitafanya nini. Na ukileta barua nyingine sitaifungua.

Sina zaidi.


Tarehe 12 Oktoba

Mwanangu,

Hii ni ya sita. Najua hufungui, lakini mkono umezoea.

Kama siku moja utafungua hii tu, sikuombi unisamehe. Nataka kujua kama anakula. Na kama anatembea kidogo, maana mtu akikaa tu kwenye kiti miguu inamwisha. Mpe kiwiko chako, usimvute mkono. Yeye ndiye akushike wewe.

Shangazi yako


Tarehe 21 Novemba

Dada yangu,

Shikamoo. Anayeandika hapa ni kinyozi wangu, jirani wa mtaa wa nyuma. Binti akienda kazini huja kuninyoa, na leo nimemwomba ashike kalamu. Mwandiko wake usikutishe. Nimemwambia aweke nukta, ameweka tatu, anasema mbili ni za akiba.

Mbona kimya? Tangu Juni sijasikia neno lako. Nilidhani umekufa, lakini kama ungekufa wangetuma habari. Kisha nikafikiri umejua. Dada, kama umejua, acha kujificha. Vidonge nilivimeza kwa mkono wangu. Hata jicho la kwanza lilipokwenda sikuacha, kwa sababu ulisema nisiache hata kimoja, na sikutaka kukuandikia ukaogopa. Hapo kosa ni langu. Hata daktari hakuweza kuapa. Ninachokuomba ni kwamba binti yangu asijue kamwe. Ana hasira za mama yake, na nisingependa akuchukie wakati mimi siwezi tena kuwapatanisha.

Siku hizi amekuwa mpole mpaka ananitisha. Ananikata kucha. Akidhani nimelala huja kusimama mlangoni, namjua kwa harufu ya pasi.

Mimi sina la kusimulia. Asubuhi najua kumekucha kwa sababu ameniambia. Jana nilikaa hapa nikisahihisha kitabu kizima kichwani, ukurasa kwa ukurasa, nikafika katikati ndipo nikakumbuka kwamba hakuna kitabu. Wale wa kiwandani walikuja mara mbili, hawaji tena, na siwalaumu. Mtu atakaa na mimi aseme nini? Zamani nilikuwa nakiogopa kifo. Siku hizi nakiwaza kama mtu anavyowaza kupumzika, na nikishakiwaza nanyamaza, binti asije akanisikia.

Sasa nikuulize, na unijibu kweli. Mpeleka barua alinikuta nimekaa barazani, akasema, "Mzee, dada yako anakupenda, hii ni ya tano naileta." Nikamwuliza binti. Akasema hakuna barua, labda mpeleka barua amechanganya nyumba. Sauti yake haikuwa na tatizo lolote. Tangu hapo, Dada, sina amani. Nguo ninayovaa, yeye ndiye anayeniambia ni safi. Kidonge, yeye ndiye anayesema ni kimoja. Akisema hii ni barabara, navuka. Ukiniambia umeandika na yeye amezificha, nitaishije humu ndani? Lakini nataka kujua. Uliandika?

Tuma kwa anwani ya kinyozi.

Mdogo wako,
Nukta

Mimi kinyozi naongeza langu. Mama, mzee anakonda. Mengine hakuniambia niandike.


Tarehe 5 Desemba

Nukta,

Marahaba, mdogo wangu. Acha nikujibu lile la mwisho kwanza, maana ndilo unalolisubiri.

Sikuandika. Mpeleka barua ana nyumba mia za kuzungukia, na dada wanaopenda ndugu zao wako wengi. Binti yako amekwambia kweli. Nilijua yaliyokupata tangu Agosti, alinieleza yeye mwenyewe kwa adabu zote, akaniomba nikuandikie nikutie moyo. Mimi ndiye niliyenyamaza. Niliona aibu, kisha aibu ikageuka uvivu, siku zikapita. Ndivyo nilivyo. Ulinijua nikiwa hodari kwa sababu nilikuwa na sare.

Kwa hiyo akikwambia hii ni barabara, vuka. Akikwambia kidonge ni kimoja, meza. Mwulize yeye na daktari wa macho juu ya dawa, mimi usiniulize tena jambo lolote la dawa maisha yako yote.

Na hayo unayoyawaza ukanyamaza, usinyamaze. Mwambie. Atalia, atakufokea, kisha atakaa na wewe. Mwambie daktari pia. Nakuomba hilo kama niliyekubeba mgongoni.

Siri yako kwa binti naitunza. Hatajua kwangu.

Usimtume tena kinyozi kuniandikia. Si vizuri kufanya mambo nyuma ya mgongo wa mtu anayekushika mkono. Ukiwa na neno kwangu, mwambie binti yako aandike. Akisema amechoka, mwache apumzike. Usimlazimishe. Nami sitaandika mpaka nione mwandiko wake.

Kula, tafadhali.

Dada yako


(Karatasi ndogo, ndani ya bahasha hiyohiyo)

Bwana Kinyozi,

Hii ni yako peke yako, usimsomee. Nimeandika barua nane, zote zimefika. Binti anazo, na ana sababu, na sababu ni mimi. Kwenye barua yake nimesema sikuandika hata moja. Msomee hivyo hivyo nilivyoandika, taratibu, usirukeruke. Najua anavyosikiliza. Akikwambia rudia, rudia vilevile.

Karatasi hii uichome.